Wakifufua vipindi, watuachie sauti

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme machache kuhusu vipindi vya makala ambavyo chaneli za kulipia huvizika, kisha baada ya miaka kadhaa huvifufua. Wenzangu hapa Rau wanasema ni biashara tu, jina likishajulikana halihitaji kutangazwa sana. Sikatai. Kinyongo changu kiko kwingine.

Forensic Files, kile cha wataalamu wa maabara wanaomnasa muuaji kwa unywele mmoja, kilianza mwaka 1996 kikiitwa Medical Detectives. Kikasimama 2011. Nusu saa, kesi moja, na sauti ya Peter Thomas, anayekusimulia mauaji kwa utulivu wa mtu anayesoma risiti ya duka. Alifariki 2016. Chaneli ya HLN ya Marekani ilipokirudisha mwaka 2020 ilimpa Bill Camp kazi ya kusimulia. Sauti si ile, lakini nusu saa ni ile ile, na msimulizi bado anakaa pembeni ya kesi, hasimami mbele yake. Nikakubali.

MythBusters, ile ya kupima kwa majaribio kama mambo watu wanayoyaamini ni kweli, ndiyo iliyoniuma. Nilikuwa mwalimu wa fizikia, na kuna Jumatatu wanafunzi waliingia darasani tayari wanabishana juu ya walichokiona. Discovery iliirusha kuanzia 2003, ikaifunga 2016. Mwaka uliofuata Science Channel ikaifufua na watangazaji wawili wapya, washindi wa shindano. Vijana walijitahidi, na milipuko ilikuwepo. Ila mimi sikuwahi kufuata milipuko. Niliwafuata watangazaji wa mwanzo: Jamie Hyneman na kofia yake, amenyamaza, huku Adam Savage akiropoka pembeni yake, na majaribio yanakwenda kombo wote wawili wakiwa wamekosea. Hilo huwezi kulipata kwa shindano.

Huku nyumbani nako mambo ni hayo hayo. Chaneli moja, siitaji, ilikuwa na kipindi cha mila na kazi za mikono. Siku moja babu mmoja wa mlimani alieleza mfongo, ule mfereji wa asili wa kumwagilia mashamba, unavyochimbwa na zamu za maji zinavyopangwa, taratibu, akikohoa, na kamera ikamsubiri. Kipindi kikakatwa bila hata kuagwa. Kimerudi na jina lile lile: mtangazaji kavaa miwani ya jua, anauliza swali na kulijibu mwenyewe, na mzee akifungua mdomo tu, muziki unamfunika. (Mke wangu anasema miwani ni nzuri. Tumeshindwa kuelewana.)

Wazee wa aina ile wengi tumeshawazika. Lakini kama kanda zao zipo stoo, wenye chaneli wazirushe hizo kabla ya kutafuta mtangazaji mwingine, hata kama zina chenga. King'amuzi nimeshakilipia mpaka mwisho wa mwezi.

Mwalimu mstaafu,
Rau, Moshi