Mwenyekiti wa Simba, tuambie nani aliamua usajili wa Januari

Mwenyekiti, shikamoo. Mimi ni mwanachama, kadi ninayo, ada nalipa, na siandiki kukutukana maana matusi mmeshayapata ya kutosha tangu zile goli tano tulizofungwa na Yanga Novemba.

Naandika msimu wa 2023/24 ukielekea mwisho, na hii timu inanichanganya jamani. Agosti pale Mkwakwani tumewatoa watani zetu Yanga kwa matuta, kipa Ally Salim kadaka penalti tatu, Ngao ya Jamii tukabeba, nikasema basi mwaka wetu huu. Oktoba Al Ahly kaja kwa Mkapa tumetoka 2-2, mechi ya ufunguzi wa African Football League Afrika nzima inatuangalia. Haijapita hata mwezi mtani katupiga 5-1, kocha Robertinho kaondoka, kaja Benchikha, tukampiga Wydad 2-0 Ligi ya Mabingwa Afrika, Machi tukampiga Jwaneng Galaxy 6-0 tukaingia robo fainali, watu tunakumbatiana na tusiowajua. Halafu Al Ahly katufunga nje ndani, siku chache mbele Mashujaa wakatutoa Kombe la Shirikisho la hapa nyumbani kwa matuta kule Kigoma, mtani katupiga tena 2-1, na sasa Benchikha naye kaenda, amesema ni mambo ya familia na kwa hilo simlaumu. Kila nikianza kuiamini timu, mechi inayofuata inanivunja moyo, mpaka siku hizi kabla ya mechi naogopa, na mimi sikuwa hivyo.

Lakini kocha sio hoja yangu. Hoja yangu ni dirisha dogo la usajili, lile la Januari. Straika Baleke ndiye alikuwa anatufungia, mwenzake Phiri msimu wa kwanza wote tuliona alichofanya, mkawaondoa wote wawili katikati ya msimu, tena tukiwa bado kwenye makundi Afrika, wakaletwa Freddy na Jobe. Sina ubaya nao kabisa hao vijana, Freddy anapambana. Ila straika sio tairi, unatoa hili unafunga lile safari inaendelea, anahitaji muda ajue kiungo wetu Chama anaachia pasi saa ngapi, mshambuliaji mwenzake Kibu anakimbilia wapi. Muda huo hawakupewa na bado wanazomewa wao. Inaniuma sana.

Nani aliamua? Kocha, bodi, au kuna mtu mwingine anasajili? Sisi wanachama ndio tumekupigia kura, tuna haki ya kujua.

Sasa hivi nafasi ya pili tunaigombania na Azam, tukiikosa Ligi ya Mabingwa mwakani hatupo, sisi tuliozoea robo fainali. Mimi uwanjani nitakuja tu, siwezi kuhama. Ninachoomba, dirisha kubwa halijafunguliwa uitishe kikao utuambie mwenye kauli ya mwisho kwenye usajili ni nani, na kocha anayekuja achague mastraika wake mwenyewe.