Kwa wazazi ambao mtoto amegundulika na kisukari aina ya 1

Habari za jioni, wazazi na walezi. Karibuni wageni. Mambo ni mengi, shikeni haya kwanza.

Sukari ya damu ikishuka chini ya 4 (mashine zinazotumia kipimo cha mg/dL husoma 70), mpeni vijiko 3 vya chai vya sukari kwenye maji, au juisi nusu glasi. Mdogo sana hupewa pungufu. Daktari awaandikie kiasi chake. Subirini dakika 15, pimeni tena. Hapa ndipo wengi tunateleza: dakika ya 5 mtoto bado anatetemeka, anaongezewa, kisha sukari inapaa usiku kucha. Chokoleti hapana, mafuta yake huchelewesha sukari kuingia kwenye damu. Akizimia, msimtie chochote mdomoni. Hospitali mara moja.

Kabla ya kumtoboa kidole, anawe na kukausha mikono. Kidole chenye mabaki ya tunda hutoa namba ya uongo, nanyi mtachoma insulini (dawa ya kushusha sukari) isiyohitajika.

Insulini isiyofunguliwa ikae frijini, nyuzi 2 hadi 8, mbali na sehemu ya barafu. Ikiganda, tupeni hata kama imeyeyuka. Badilisheni sehemu ya kuchoma. Pakichomwa palepale kila siku panaota uvimbe na dawa hainyonywi vizuri.

Akiugua na kukataa kula, msisimamishe insulini. Pigieni kliniki simu.

Na wale ndugu zake wanaonyamaza tu pembeni? Waambieni waziwazi: ugonjwa huu hauambukizi, wala haukuletwa na peremende.