Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya Zanzibar: si kila mkojo wenye damu ni UTI (maambukizi ya njia ya mkojo)

Mheshimiwa Waziri,

Assalaamu alaykum. Sisi wa maabara na kliniki za wazazi Pemba tunaomba agizo la ukurasa mmoja kuhusu kupima mkojo wa wanawake.

Tuanze na chupa ya vijiti vya kupimia mkojo. Ikiachwa wazi, hasa masika, unyevu hubadilisha rangi ya sehemu ya naitraiti (kemikali inayotengenezwa na bakteria kwenye mkojo), na mwanamke asiye mgonjwa huandikiwa dawa. Ifungwe kila kijiti kinapotolewa, isitiwe friji, na majibu yasomwe kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, si foleni ikishapungua. Naitraiti ikikosekana nayo isichukuliwe kuwa mgonjwa hana UTI: bakteria huhitaji kama saa nne kibofuni kuitengeneza, na mwenye UTI hakai saa nne bila kwenda chooni.

Mgonjwa hupewa kikopo, akaambiwa "kojoa humu", basi. Aelezwe: atenganishe mashavu ya uke, mkojo wa mwanzo umwagike, wa katikati ndio ukingwe. Ukikaa mezani zaidi ya saa mbili, bakteria wameshazaana, usihesabiwe.

Kisha kichocho, ambacho visiwani kwetu hakisahauliki ila kwenye fomu ya maabara. Damu bila naitraiti, kwa anayefua au kuoga mtoni, itafutiwe mayai ya minyoo ya kichocho: mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mililita 10 zichujwe. Yakionekana, dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito. Sipro (siprofloksasini, antibayotiki ya UTI) haiui kichocho hata akirudia dozi mara tatu.

UTI ya kibofu bila homa, kwa asiye mjamzito: antibayotiki ya nitrofurantoini miligramu 50 mara nne kwa siku, au 100 mara mbili kama kidonge ni cha kuachia dawa polepole, siku 5. Sipro iwekwe akiba. Homa, kutapika na maumivu ya ubavu ni figo. Hapo nitrofurantoini haitoshi, na mkojo uchukuliwe wa kuoteshwa bakteria maabara kabla ya dozi ya kwanza. Mjamzito atibiwe hata bila dalili, bakteria wakiota. Asipewe sipro, wala nitrofurantoini akikaribia kujifungua. Mwenye uchafu na muwasho ukeni achunguzwe uke kwanza.

Agizo liandikwe kwa Kiswahili, herufi kubwa, libandikwe pale kikopo kinapotolewa, si ofisini kwa mkuu wa kituo.