Steroidi zinauzwa kaunta, Mhariri, si uwanjani

Kwa Mhariri,

Nimekuwa msomaji wa gazeti hili tangu nikiwa mwanafunzi wa uuguzi, na miaka yote hiyo sijawahi kukuandikia. Mengi yamenikera nikanyamaza. Safari hii nimeshindwa, na kilichonishinda ni ile ripoti yenu ya Jumamosi katika kurasa za michezo kuhusu wakimbiaji waliofungiwa. Mlieleza jinsi maafisa wanavyobisha hodi alfajiri kule Iten, mji wa wakimbiaji, kuchukua mkojo na damu, mkasema upimaji umeongezeka, mkahitimisha kwamba vita dhidi ya dawa za kusisimua misuli vinaelekea pazuri. Vita gani hivyo, Mhariri? Mimi naishi Free Area hapa Nakuru, na huku havijaanza.

Tangu nistaafu nafuga kuku wa mayai, na wateja wangu wakubwa ni vijana wa jimu. Kijana anayejenga mwili kwa chakula namfahamu. Hununua trei, hulalamikia bei, hurudi Ijumaa kukopa, na ni baada ya mwaka mzima ndipo mkono wa shati unaanza kumbana. Hao nawaheshimu sana. Kisha kuna yule ambaye ghafla anaacha kununua mayai, unakaa kidogo unamwona shingo imemezwa na mabega, mgongo umejaa chunusi kubwa zenye usaha, na ukimwambia neno dogo tu anataka kupigana. Huyo sihitaji maabara kujua anakula nini.

Mtoto wa dada yangu, ambaye kwetu ni mwanangu, aliingia humo. Alimaliza kidato cha nne, akahangaika na kazi za mjengo, halafu akasikia kwamba klabu moja ya barabara kuu inaajiri mabaunsa. Alipofika hakuulizwa cheti wala mwenendo. Mwajiri alimtazama kifua, akamwambia arudi akiwa mkubwa zaidi. Mwalimu wa jimu yake akamweleza kwamba kwa vyuma pekee atangoja miaka, ila kuna vidonge ambavyo kila mtu anatumia. Kazi ya baunsa aliipata, hilo silikatai. Aliifanya hadi usiku mmoja alipoletwa nyumbani kwangu akijikuna mwili mzima, mikono na nyayo, hajalala kwa sababu ya mwasho, macho ya manjano na mkojo rangi ya strungi.

Hospitalini daktari kijana alimuuliza vizuri anatumia dawa gani. Akajibu hatumii chochote. Wakampima malaria, wakampima homa ya ini aina ya B na C, majibu yote yakawa safi, na daktari wa watu akabaki anakuna kichwa. Nilirudi nyumbani nikaufungua mfuko wake wa mazoezi. Chini ya glavu na taulo kulikuwa na boksi dogo la vidonge, halina jina la aliyeliingiza nchini, halina maelezo ya kipimo, ila jina la dawa lilisomeka vizuri: stanozololi, steroidi ya kukuza misuli iliyotokana na homoni ya kiume.

Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka Olimpiki ya Seoul, mwaka 1988. Sisi tulikuwa na furaha zetu, dhahabu za Ereng, Rono, Ngugi na Kariuki uwanjani, na ya marehemu Wangila ulingoni. Katika michezo hiyo hiyo Ben Johnson wa Kanada alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.79, dunia ikapigwa na butwaa, na siku tatu baadaye akanyang'anywa medali. Kilichopatikana kwenye mkojo wake ni stanozololi. Dunia nzima ililijua jina hilo mwaka ule, na leo linauzwa Nakuru kwa kijana anayetafuta kazi ya kusimama mlangoni.

Dawa yenyewe ina kazi yake halali. Iliruhusiwa Marekani mwaka 1962, ikiwa mali ya kampuni ya Winthrop, na madaktari wameitumia kwa wagonjwa wachache, hasa wale wenye ugonjwa wa kurithi unaofanya uso na koo kuvimba ghafla hadi mtu akakosa pumzi. Mgonjwa wa namna hiyo hupewa kipimo kidogo na ini lake hupimwa mara kwa mara, na kuna sababu. Homoni ya kiume ya kawaida ukiimeza, ini huivunja kabla haijafika mbali. Wanakemia waliibadilisha umbo ili ini lishindwe kuivunja, ndipo ikaweza kufanya kazi ikiwa kidonge. Mzigo wote unabaki kwa ini. Nyongo inakwama, inarudi kwenye damu, macho yanageuka rangi na ngozi inawasha kama nilivyoona kwa mwanangu. Wengine hupata mifuko ya damu ndani ya ini, ambayo inaweza kupasuka, na wengine uvimbe. Kolesteroli nzuri inashuka vibaya, ile mbaya inapanda, kuta za moyo zinanenepa, na yote hayo yanatokea huku kijana akijitazama kwenye kioo anafurahi. Ubongo nao ukiona homoni imejaa mwilini unaacha kuagiza nyingine, korodani zinasinyaa na mbegu zinapungua. Akiacha vidonge anaweza kukaa miezi kadhaa bila nguvu, bila hamu ya mke, na kwa huzuni nzito ambayo watu wa nyumbani wanaidhania kurogwa. Mvulana ambaye bado anakua, mifupa yake hufunga mapema na kimo kikaishia hapo. Msichana akizitumia, sauti inakuwa nzito na haina hakika ya kurudi. Na wale wanaodunga za sindano wakipokezana sindano moja chumba cha kubadilishia nguo, hao wanajitafutia virusi vya Ukimwi na homa ya ini juu ya hayo mengine.

Nililichukua lile boksi nikaenda nalo hadi duka la dawa ambako mwalimu wa jimu alikuwa amelinunua. Si kibanda cha uchochoroni. Lina milango ya vioo, lina friji, lina cheti ukutani. Binti wa kaunta aliligeuza boksi, akasema, "Hizi ziko, shosho. Ni za kijana wako?" Nikamuuliza agizo la daktari halihitajiki. Akaniuliza nataka ngapi. Nikamuuliza kama anajua dawa ile inafanya nini kwenye ini la mtu. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba watu wa jimu wanazichukua kila siku na hajamsikia hata mmoja akilalamika, kisha akamhudumia mteja aliyekuwa nyuma yangu.

Sasa niambie, Mhariri, nani anayemfuata yule binti na tajiri wake? Tuna sheria ya mwaka 2016 ya kupambana na dawa za kusisimua misuli, na tuna ADAK, shirika la serikali la kupambana nazo. Novemba 2022 tulipoponea chupuchupu kufungiwa na Shirikisho la Riadha Duniani, serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka 5. Fedha zilipatikana haraka kwa sababu wimbo wa taifa ulikuwa hatarini kutopigwa tena kwenye mashindano. Orodha ya WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo michezoni, inazipiga steroidi hizi marufuku wakati wote, ndani na nje ya mashindano, lakini orodha hiyo inamfunga mwanamichezo. Mwanangu hakimbii, hachezi raga, hajawahi kuvaa namba kifuani. Hakuna afisa atakayembishia hodi alfajiri, na kwa hiyo ini lake halimo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Marekani walikwisha kuona kwamba mambo haya hayaishii uwanjani. Mwaka 1990 Bunge lao lilipitisha sheria iliyoziingiza steroidi kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa, na anayeziuza bila agizo la daktari anajua jela iko karibu. Sisi tuna Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, ya tangu enzi za ukoloni, na tuna Bodi ya Dawa na Sumu ya kuisimamia. Sheria ipo, bodi ipo, cheti kipo ukutani, na chini ya cheti hicho hicho mwanamke wa umri wangu anaulizwa anataka boksi ngapi! Nyinyi waandishi mnasafiri hadi Iten kumpiga picha mkimbiaji aliyeinamisha kichwa, mnaandika jina lake na la kijiji chake na la kocha wake, lakini aliyemuuzia hamumwandiki hata mara moja. Mkimbiaji anafungiwa miaka minne. Duka linafungwa saa tatu usiku na kufunguliwa saa mbili asubuhi.

Na kwa kuwa nimeanza, niseme na hili la wasichana. Kaunta hiyo hiyo inauza deksamethasoni na siproheptadini kwa binti wanaotaka kunenepa na kuongeza makalio. Siproheptadini ni dawa ya mzio ambayo huleta njaa. Deksamethasoni ni steroidi ya jamii nyingine, tuliitumia wodini kwa watu wenye uvimbe wa ubongo na pumu iliyowazidi. Binti anaimeza kila siku miezi na miezi, uso unavimba, sukari inapanda, mifupa inadhoofika, tezi zinazotengeneza homoni hiyo mwilini zinalala, halafu siku pesa zinapoisha anaiacha ghafla na kuanguka sokoni. Majirani wanasema ni presha. Nimeshampeleka mmoja hospitalini kwa bodaboda, mimi na mamake tukimshikilia katikati, na bado zinauzwa kwa kuhesabiwa kwenye bahasha ya kaki isiyo na jina la dawa. Nani aliruhusu dawa kutolewa bila jina?

Ninachodai kinawezekana, kwa sababu nimekiishi. Wodini mofini na pethidini zilikaa kwenye kabati lililo ndani ya kabati, funguo mbili, na kila chupa iliyotoka wauguzi wawili walitia sahihi kwenye kitabu, na chupa tupu ikarudishwa ikahesabiwa. Ikikosekana moja hakuna aliyeenda nyumbani. Bodi ya Dawa na Sumu iamuru stanozololi, nandroloni, testosteroni na ndugu zao zote ziingie kwenye kabati hilo hilo katika kila duka la dawa nchini, kitabu kiwe na namba ya usajili ya daktari aliyeandika, na mkaguzi akifika aulize maboksi matupu kwanza kabla ya kuuliza leseni.

Wenye klabu nao waache kuajiri kwa upana wa kifua. Mlango wa klabu unalindwa na mtu mtulivu, na mtu aliyejaa homoni hatulii.

Kaunti ya Nakuru isiniambie haina watu wa kukagua. Askari wake wananisimamisha karibu kila wiki kunidai kibali cha kuuza mayai, wananiuliza cheti cha afya, wanachungulia hadi chini ya trei. Watu hao hao wapewe kazi ya kuingia kwenye jimu pamoja na afisa wa afya ya umma. Waende Jumatatu jioni, saa kumi na mbili unusu, siku ambayo kila mtu anafanya mazoezi ya kifua na mwalimu ana wateja wengi, wamwombe afungue droo ya chini ya meza yake. Mwandishi wenu aandamane nao, na kamera. Boksi nililolitoa kwenye mfuko wa mwanangu ninalo, na nitampa alichukulie picha kabla sijalikabidhi kwa Bodi.

Muuguzi mstaafu,
Free Area, Nakuru