Mkasi wa kukata michezo ya shule tumeushika wenyewe

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba hadithi na michezo ya kuigiza kuhusu nchi za kubuni zenye watawala dhalimu iondolewe shuleni, maana inawachochea wanafunzi. Nimefundisha fasihi na kuandaa drama miaka mingi, kwanza Vihiga, kisha hapa Nakuru. Naomba nimjibu ndugu yangu huyo.

Yaliyotokea hapa mjini Aprili 2025 tuliyaona sote. Wasichana wa shule ya Butere walileta kwenye tamasha la kitaifa la drama mchezo wa Echoes of War, unaohusu ufalme wa kubuni na vijana waliopoteza imani na watawala wao. Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza waruhusiwe kuigiza. Hata hivyo mwandishi wa mchezo, Cleophas Malala, alikamatwa, vitoa machozi vikarushwa, na wasichana wakapanda jukwaani, wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka bila kuigiza. Nchi nzima ililizungumzia jambo hilo, na ilistahili. Mimi lakini niliwaza ile michezo mingine ambayo polisi hawakuhitajika kuizuia, kwa kuwa ilishanyolewa mapema ofisini mwa mkuu wa shule.

Mmoja naujua vizuri. Katika shule ambayo sitaitaja, msichana wa kidato cha tatu aliandika mchezo kuhusu kisiwa ambako redio hutangaza kila asubuhi kuwa mvua inanyesha. Raia hutoka na miavuli yao, jua likiwaka. Kuna mzee mmoja anayekataa kufungua wake. Basi. Mkuu wa shule akaniita: "Mwalimu, huyo mzee mtoe." Nikamuuliza ni nani aliyelalamika. Hakuna. "Kwani tungoje walalamike?"

Nikamtoa. Tukafika ngazi ya kanda, tukasifiwa kwa mavazi na uimbaji. Bila yule mzee, kejeli yote iligeuka kuwa tangazo la miavuli, na watazamaji walipiga makofi. Binti yule hakuniletea mswada mwingine hadi alipomaliza shule.

Ndiyo maana nacheka kidogo nikisikia kwamba vitabu hivi vinahusu serikali tu. Wengi wa rika langu tulimsoma George Orwell kwa Kiswahili, katika Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka 1967. Humo wanyama wanamfukuza bwana shamba na kuandika amri zao ukutani. Darasani wanafunzi wangu walipenda kubishana juu ya ile amri ya kutolala kitandani. Nguruwe wanahamia nyumbani kwa bwana shamba, na farasi Clover, ambaye kusoma kunamshinda, anamwomba mbuzi amsomee ukuta. Sasa amri inakataza kitanda chenye mashuka. Clover hakumbuki kusikia habari za mashuka, lakini kwa kuwa yameandikwa pale, anaona labda yalikuwepo. Hachapwi wala hatishwi. Anajitilia shaka mwenyewe, na kazi imekwisha.

Kitabu hicho kina kisa kingine nje ya kurasa zake. Orwell alikiandikia dibaji akisema kuwa Uingereza ya wakati ule udhibiti wa maandishi ulikuwa, kwa sehemu kubwa, wa hiari: wahariri na wachapishaji walijinyamazisha bila kuamriwa. Kitabu kilitoka 1945 bila dibaji hiyo. Ilikuja kuchapishwa 1972, mwandishi akiwa kaburini miaka 22.

Kule Marekani nako, Ray Bradbury alitoa Fahrenheit 451 mwaka 1953, riwaya ya nchi ambako wazimamoto kazi yao ni kuchoma vitabu. Mkuu wao anakiri ndani ya hadithi kwamba mambo hayakuanza kwa amri ya serikali. Mwaka 1967 mchapishaji akatoa toleo la shule, akakata au kubadili vifungu kama 75 kimyakimya ili vijana wasiudhike. Miaka ikapita. Na waliomwandikia Bradbury kumweleza kwamba riwaya yake kuhusu udhibiti imekatwa ni wanafunzi, wale wale ambao ndugu yangu anaogopa watachochewa. (Sisi walimu, nadhani, tulikuwa tukisahihisha insha.)

Sisemi kila mswada wa mwanafunzi ni mzuri. Mingine ni matusi matupu, na kuikataa ni kazi ya mwalimu. Ila mwalimu anayekataa kwa sababu mchezo ni mbovu humweleza mwandishi kasoro iko wapi. Mimi sikuwa na la kumweleza yule binti.

Kila msimu miswada hupita ofisini kabla ya mazoezi. Ningependa kumsoma mkuu wa shule mmoja tu katika ukurasa huu akitueleza ni mhusika gani aliyemtoa mwaka huu, na ni nani aliyemwambia amtoe.

Mwalimu mstaafu,
Nakuru.