Mhariri, Yosia alikosa nini?

Mhariri, naomba kanafasi kidogo. Watu wengi wanadhani Waebrania wa kale tangu mwanzo waliamini ukifa unaenda mbinguni au motoni, kumbe wala. Soma Kumbukumbu la Torati sura ya 28 uone, thawabu ni mvua kwa wakati wake na kapu la unga kujaa, adhabu ni ukame, maradhi na kupelekwa utumwani, yote hapahapa duniani, na taifa zima linabeba pamoja. Ukishakufa unashuka Kuzimu, mwema na mbaya wote huko huko, kimyaa.

Sasa shida ikaja kwenye hesabu. Mfalme Manase wa Yuda alijaza sanamu mpaka ndani ya hekalu na bado akatawala miaka 55, halafu mjukuu wake Yosia, yule aliyesafisha kila kitu, akauawa na Farao Neko pale Megido mwaka 609 KK, ana miaka 39 tu! Hiyo inakaaje jamani? Wengine walisema ni dhambi za babu, ndo ule msemo wa baba kula zabibu kali halafu meno ya watoto yakafa ganzi, nabii Ezekieli akaukataa kabisa, kila mtu na lake. Ayubu naye, marafiki zake wakimwambia anateseka kwa sababu ya dhambi zake, akabisha nao mpaka basi (mimi niko upande wake).

Jibu jingine, habari ya wafu kuamka walipwe baada ya kifo, hawa uzimani wale aibuni, inakuja wazi kwenye Danieli 12, na wataalamu wengi wanaiweka wakati wa mateso ya Antioko wa Nne, mfalme wa Kigiriki aliyewatesa Wayahudi, kama 167 KK, watu wanauawa kwa sababu wameshika torati.