Salamu za Krismasi kwa waliomaliza kidato cha nne

Kamwene wapendwa!

Huku kwetu Njombe mvua zimeshika. Ukungu unashuka alfajiri na hauondoki mpaka saa nne, mahindi yamechipua, na njia ya kutoka lami hadi shuleni imebaki ya bodaboda wenye roho ngumu. Shule imefungwa. Mbuzi wa jirani wanajilia majani kwenye uwanja wa mpira, na lile rimu la lori tunaloliita kengele linaning'inia kwenye mparachichi, kimya kabisa. Mimi niliyekuwa nikilalamikia kelele zake kila asubuhi nimekaa siku tatu kama mtu aliyepoteza saa.

Nawatakieni Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya. Salamu hizi ni za wote: wazazi, walimu wenzangu mliokwenda makwenu, mama zetu wa jikoni, mlinzi wetu aliyebaki na shule peke yake, na majirani zetu Waislamu ambao tunakula nao pilau ya Krismasi kama wao wanavyotuita siku ya Idi. Lakini hasa nazituma kwa vijana wetu waliomaliza kidato cha nne mwezi uliopita. Hongereni sana.

Ndiyo, najua matokeo bado.

Mwaka jana sikuandika Desemba. Nilisubiri. Mwishoni mwa Januari matokeo yalipotoka nikapitia orodha kwenye simu, mtandao ukikatika kila nikifika katikati, kisha nikawatumia ujumbe wa pongezi wale wa daraja la kwanza hadi la tatu. Nikalala nikijiona nimefanya jambo jema. Mwezi wa tatu nikakutana mnadani na kijana mmoja anauza mbao. Yeye alipata daraja la nne. Akaniamkia vizuri kabisa, akaniulizia na watoto kwa majina. Tulipokuwa tunaagana akacheka, akasema, "Mwalimu, zile salamu zako za Mwaka Mpya mimi hazikunifikia. Au namba yangu ulikuwa huna?"

Namba yake nilikuwa nayo. Ndiye niliyekuwa nikimpigia Jumamosi kila pampu ya kisima ilipokorofisha.

Kwa hiyo mwaka huu nimewahi. Mtu akiniuliza nampongeza nani kwa lipi na matokeo hayajatoka, nitaanza na miguu. Mimi ni mwalimu wa hesabu, mnivumilie. Wanaotoka ng'ambo ya mto hutembea kilomita saba kuja na saba kurudi. Mwaka wa masomo una siku 194. Zidisha, kisha zidisha tena kwa minne: inapita kilomita 10,000. Mvua za Machi mnavua viatu mnavibeba mkononi, mnanawa miguu pale bombani, mnavaa soksi, mnaingia darasani kama mlioshushwa na gari. Julai mnakanyaga sakitu, umande ulioganda kwa baridi. Nimewaona asubuhi za Julai, vidole vimekufa ganzi, mtu ameshika kalamu kwa ngumi kama anayeshika mchi, anasubiri damu irudi ndipo aandike tarehe. Hakuna pepa inayouliza habari za kilomita hizo.

Wengine umbali uliwashinda, wakapanga geto karibu na shule. Chumba kimoja, wasichana watatu, mafiga matatu na gunia la viazi kutoka nyumbani. Una miaka 15 au 16, unajipikia, unajiamsha, mlango unaufunga mwenyewe usiku na kuomba Mungu komeo lishike. Sitaki kulisifia sana jambo hili kwa sababu si la kusifia. Habari ya hosteli tumeizungumza vikaoni mpaka mihutasari imejaza kabati langu. Lakini binti aliyeishi geto miaka minne akafika salama kwenye chumba cha mtihani, mimi nasimama akipita.

Halafu makande. Ada ya sekondari za kutwa, ile 20,000 kwa mwaka, ilifutwa kuanzia Januari 2016. Makande hayakufutwa. Mahindi na maharage ni ya wazazi, debe kwa debe kama kikao kilivyokubaliana, na kila mwaka hakosekani wa kuleta mahindi yenye fukusi akaapa kwamba ameyapukuchua jana. Mwezi wa pili stoo ilipobakiza magunia mawili, mama zetu wa jikoni walipunguza kikombe kimoja kwa kila sufuria bila kutangaza, na tukafika mavuno. Wageni huwa wanauliza siri ya shule yetu ni nini. Mimi nilifundisha hapa kabla ya chakula cha mchana kuanza. Saa nane mchana nilikuwa nafundisha visogo. Sasa saa nane nakutana na macho.

Lipo na la lugha. Mlisoma miaka saba kwa Kiswahili, halafu Januari moja mkakuta hesabu, baiolojia na jiografia vimegeuka Kiingereza. Nalikumbuka kundi hili wiki yake ya kwanza. Niliwaambia kwa Kiingereza mfungue madaftari. Darasa zima likasimama, likaniamkia. Siwacheki. Mimi mwenyewe niliingia kazini miaka ile shule za kata zilipokuwa zinaota kama uyoga na walimu hawapatikani, katika lile kundi lililotolewa kidato cha sita, likapewa mafunzo ya wiki chache na leseni, na watu wakatuita voda fasta. Kiingereza changu kilikuwa cha kukariri. Shahada niliipata baadaye Chuo Kikuu Huria, nikisoma usiku baada ya kusahihisha madaftari yenu. Ndiyo maana mwezi wa tisa, yule mliyekuwa mkimwita Bubu aliposimama mbele ya ubao akaeleza kwa Kiingereza, chenye makosa yake lakini bila kutetereka, kwa nini pembe za ndani za pembetatu zinafikisha nyuzi 180, nilitoka nje kidogo. Nilisema nakwenda kuchukua chaki. Chaki nilikuwa nayo mfukoni.

Kidato cha tatu, na ninyi nina la kuwaambia. Jengo letu la maabara ni la michango ya mwaka 2014, pale kila shule ya kata ilipotakiwa iwe na maabara tatu. Wazazi hawajasahau jinsi michango ile ilivyokusanywa. Kuta tulipata, bomba hatukupata. Jioni ya kuamkia mtihani wa vitendo wa kemia mlibeba maji kichwani, ndoo kwa ndoo, mpaka pipa likajaa, ili kaka na dada zenu wasikwame. Mmoja alimwaga ndoo mlangoni akarudi kisimani gizani bila kuambiwa. Mwakani zamu ni yenu, na kidato cha pili walikuwa wanaangalia.

Yupo mwingine, huyu sitamtaja hata kwa kitongoji. Aliacha shule kwa ujauzito. Zamani habari yake ingeishia hapo. Lakini Novemba 2021 Serikali ilitoa waraka wa kuwarudisha shuleni walioacha, wasichana waliojifungua wakiwemo, naye akarudi. Aliwazidi wenzake umri, akakaa dawati la nyuma, akavumilia minong'ono ya wiki mbili tatu, mingine ikitoka ofisini kwetu walimu, tusijifanye malaika. Siku ya pepa ya hesabu mama yake alikaa ng'ambo ya barabara tangu asubuhi na mjukuu mgongoni, maana eneo la mtihani haliruhusu. Binti alipotoka hakusema pepa ilikuwaje, na mama hakuuliza. Alimpokea mtoto, akamfuta kamasi kwa kona ya kitenge, wakashika njia ya nyumbani.

Mahafali ya Oktoba mliyaona wenyewe, sina la kuongeza. Risala ilikuwa ndefu, mama zetu walicheza mpaka vumbi likaingia kwenye pilau, na mgeni rasmi akaahidi kompyuta mbili. Tunazisubiri.

Msinielewe vibaya. Sisemi matokeo si kitu. Mwalimu wa hesabu hawezi kusema hivyo, hasa somo langu linalowaangusha Watanzania wengi kiasi kwamba hata katika mwaka mzuri anayefaulu ni mmoja kwa wanne. Usiku nalala nikiwaza maswali mawili ya mwisho ya pepa ile kuliko mnavyowaza ninyi. Ila wakongwe wenzangu wanakumbuka matokeo ya 2012. Yalitoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa nchi nzima wakiwa na sifuri. Nchi ikatikisika, Waziri Mkuu akaunda tume, matokeo yakafutwa, yakapangwa upya, yakatangazwa tena mwezi wa tano. Nilikuwa na mwanafunzi aliyelia Februari kwa sifuri. Mwezi wa tano ana daraja la nne. Pepa ileile, majibu yaleyale, mtoto yuleyule. Tangu siku hiyo karatasi ya matokeo naiheshimu, lakini haijui kila kitu.

Wazazi, ruksa niwe mkali kidogo ingawa ni sikukuu. Wiki hii mabasi yanapandisha ndugu zetu kutoka Dar. Karibuni nyumbani, tumewamisi. Lakini tunajua kinachofuata baada ya Mwaka Mpya: mgeni hataki kurudi mikono mitupu, anaulizia binti wa kazi, na anayeangaliwa kwanza ni huyu aliyemaliza kidato cha nne, "kwani si yupo yupo tu?" Anaondoka tarehe 3 au 4 Januari. Matokeo yanatoka mwishoni mwa mwezi. Nimewahi kuzunguka vijiji viwili kwa pikipiki ya kukodi nikimtafuta binti mwenye C tano, kumbe yupo Kimara anafua nguo za watu, na simu ya tajiri wake haipokelewi. Baada ya matokeo kuna muda wa kubadilisha tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya kidato cha tano, na machaguo ya vyuo kwenye mfumo wa TAMISEMI. Unafunguliwa, na unafungwa. Yeye ulimpita. Na wavulana wanaobebwa kwenda kupasua mbao msituni hawana tofauti, ila wao hatuwaulizii. Mchele wa Mbarali aliokuletea mgeni pokea, kuku mchinjie, hadithi za mjini sikiliza mpaka usiku. Binti mwambie asubiri Februari.

Nanyi vijana, matokeo yakitoka, njooni. C tatu zinatosha kukufungulia njia ya kidato cha tano ikiwa pointi zako hazijazidi 25, maana kwenye pointi kidogo ndiyo bora. Zisipofika, tutazungumza habari za VETA, za vyuo, au kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nina wanafunzi wawili waliorudia na mmoja sasa ananifundisha mimi kutumia kompyuta. Ofisi yangu ni ileile yenye kioo kilichopasuka. Msije mkiwa mmejificha nyuma ya mama zenu. Na msinipigie saa sita usiku kuniuliza kama ni kweli yametoka. Yakitoka, kijiji kizima kitajua kwa vigelegele vya nyumba moja na ukimya wa nyingine. Zile zenye ukimya ndizo nitakazoanza kuzipitia.

Kwa sasa kuleni sikukuu. Wali unapikwa mara chache huku kwetu, msiuachie wageni. Kanisani Jumatano mkae mbele, mmezoea kukaa nyuma kama darasani. Wasaidieni mama kupalilia, maana mwaka huu hamna kisingizio cha kujisomea.

Tangazo moja la mwisho. Baada ya pepa ya mwisho, kwenye chumba namba mbili palibaki rula tatu, bikari moja isiyo na penseli, na sweta la kijani lenye kiraka kwenye kiwiko cha kulia. Rula na bikari nimewapa kidato cha tatu. Sweta limefuliwa na mama wa jikoni, nimelikunja, liko kabatini kwangu juu ya mihutasari ya hosteli. Mwenyewe aje alichukue kabla ya Julai, matokeo yawe yametoka au bado.